Mwenye waya na mwenye daftari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, sayansi ya siasa, hapa Dodoma. Darasani tumefundishwa kwamba intaneti inapanua demokrasia, na mifano mingi imetoka Ulaya Mashariki. Lakini nikifuatilia habari nachanganyikiwa. Estonia mtu anapiga kura akiwa sebuleni kwake, Belarus mtu anawekwa ndani kwa sababu ya chaneli aliyojiunga nayo Telegram, Urusi wanazima data za simu. Hizi zote si zilikuwa Urusi moja? Kama intaneti ni ile ile, kipi kimewatofautisha? Natakiwa kuandika insha.

JIBU: Marahaba, binti. Kwanza tusahihishane kitu kimoja, maana kitakukatia alama. Hazikuwa "Urusi moja". Zilikuwa jamhuri 15 za Umoja wa Kisovieti, na Urusi ilikuwa mojawapo, kubwa kuliko zote na yenye kauli kuliko zote. Ukimwambia mtu wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kwamba kwao kulikuwa Urusi, mazungumzo yataishia hapo hapo.

Sasa swali lako. Mimi ni mtu wa mitandao, siasa nimeingilia mlango wa uani, kwa hiyo nitakujibu kifundi. Wengi wanaoandika juu ya nchi zile huanza kwa kuhesabu: asilimia ngapi wameunganishwa, kasi ni ngapi. Hesabu hizo hazikufikishi popote. Belarus imeunganishwa vizuri kabisa, mkongo unaingia hadi majumbani, waandishi wake wa programu wanauza kazi dunia nzima, na kampuni iliyotengeneza mchezo wa World of Tanks ilizaliwa Minsk, mji mkuu wake. Haikuwasaidia. Mimi huuliza mambo mawili tu. Waya unaotoka nje ya nchi unapita mikononi mwa nani? Na taarifa za mwananchi zikishaingia kwenye kompyuta za serikali, yeye mwenyewe anaweza kujua nani amezifungua? Moja ni swali la waya, jingine la daftari.

Rudi nyuma hadi Agosti 1991. Wakubwa kadhaa wa chama, jeshi na usalama walimfungia Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kwenye nyumba ya mapumziko kule Crimea, wakaingiza vifaru Moscow, wakashika televisheni, ikawa inaonyesha dansi ya ballet mchana kutwa. Kitabu cha mapinduzi kilisema hivyo: shika redio, shika televisheni, shika magazeti. Hawakujua kwamba kwenye Taasisi ya Kurchatov, kwa wanafizikia wa nyuklia, kulikuwa na mtandao mdogo uitwao Relcom, wa mwaka mmoja tu, unaopitisha barua pepe kwa modemu juu ya laini za kawaida za simu. Vijana wa Relcom wakasambaza matamko ya Yeltsin, rais wa jamhuri ya Urusi aliyeyapinga mapinduzi, mji hadi mji na hadi nje ya nchi, wakawaomba wenzao wa miji mingine wachungulie dirishani na kuandika wanachokiona. Siku ya tatu mapinduzi yakaanguka. Tafadhali usije ukaandika kwamba Relcom ndiyo iliyoyaangusha, kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Andika kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa watawala wa eneo lile kusahau waya.

Maana hawakusahau tena. Katika miaka ya 1990 Urusi ilijaa kampuni binafsi za intaneti, na idara ya usalama haikuhangaika kuzifunga. Ilitaka sikio tu. Ukaja mfumo uitwao SORM. Mtoa huduma analazimika kununua kifaa kwa hela yake mwenyewe, akifunge kwenye mitambo yake, kisha avute laini hadi ofisi ya usalama. Ofisa akitaka kusikiliza, anabonyeza kule kule kwake. Kibali cha mahakama kinatakiwa kisheria, ila si lazima mwenye kampuni aonyeshwe. Kwa hiyo mtoa huduma anakaa na kifaa chumbani kwake, analipa umeme wake, na hajui kinachukua nini. Mifumo ya namna hiyo hiyo ikafungwa Belarus, Kazakhstan na kwingineko katika jirani zile. Hapo ndipo penye urithi wa Kisovieti ninaouona mimi, kuliko kwenye sanamu za Lenin.

Estonia walitoka nyumba ile ile na mikono mitupu. Watu kama milioni moja na nusu, hazina haina kitu, ofisi za serikali zimeachwa na makabati ya karatasi za Kirusi. Mwaka 1996 wakaanzisha mpango wa kuingiza kompyuta na intaneti mashuleni, wakauita Tiigrihüpe, yaani mruko wa chui milia. Mwaka 2000 watu wakaanza kupeleka hesabu za kodi mtandaoni. Mwaka 2001 ukaja X-tee, na mwaka 2002 kitambulisho chenye chipu.

X-tee ndiyo ya kukaa nayo. Wengi hudhani Estonia ina ghala moja kubwa la taarifa za kila mtu. Haina. Hospitali inatunza za kwake, polisi za kwake, ardhi za kwake. X-tee ni njia tu kati yao: ofisi moja ikihitaji kitu kwa nyingine inatuma ombi lililofungwa kwa siri na kutiwa sahihi ya kielektroniki, na ombi hilo linaacha alama isiyofutika. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaoiga Estonia hupaacha, mwananchi anaonyeshwa alama hizo. Unakaa jioni, unachomeka kitambulisho kwenye kisomeo, unaandika namba ya siri, unafungua ukurasa wako wa serikali. Inakuja orodha: tarehe, saa, ofisi gani ilitazama taarifa zako. Kama hujaenda hospitali mwaka mzima na kuna daktari amefungua faili lako Jumanne, unauliza kwa nini. Wapo polisi na watumishi wa afya walioadhibiwa kwa kuchungulia pasipowahusu. Daftari liko kwa serikali, lakini mwenye jina analo dirisha la kumwangalia anayeliandika.

Kura ya mtandaoni ilikuja juu ya msingi huo, haikutangulia. Mara ya kwanza, uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2005, walioitumia walikuwa 9,317 tu. Uchaguzi wa bunge wa 2023, zaidi ya nusu ya kura zote zilipigwa hivyo. Unaweza kupiga tena na tena katika siku zilizopangwa na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, kwa hiyo mume au bosi akikusimamia kichwani uchague anayemtaka yeye, unamridhisha, kisha usiku unabadilisha. Nikuambie pia kwamba wapo wataalamu wa usalama wanaoupinga mfumo huo, na hoja zao si za kipuuzi. Kura ya karatasi hata bibi yangu anaweza kusimama aone inavyohesabiwa. Hii ya pili inabidi umwamini mtu wa hesabu.

Misukosuko wameipata. Aprili 2007 serikali ilihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn kwenda makaburi ya jeshi. Wenyeji wanaozungumza Kirusi wakaandamana, na kwa takribani wiki tatu benki, magazeti na tovuti za serikali zikawa zinafurikishwa na maombi ya uongo kutoka maelfu ya kompyuta zilizotekwa. Mwaka 2017 ikagundulika chipu za vitambulisho kama 750,000 zina kasoro ambayo mdukuzi mwenye uwezo angeweza kuitumia. Waziri mkuu alisimama mbele ya waandishi akasema. Fikiria ofisi unazozijua wewe, halafu ujiulize ni ngapi zingesema.

Belarus ni upande wa pili wa sarafu hiyo, na inafundisha zaidi. Tarehe 9 Agosti 2020 ulikuwa uchaguzi wa rais. Lukashenko, aliye madarakani tangu 1994, alitangazwa kapata asilimia 80. Siku hiyo hiyo intaneti ikafa, na kwa saa kama 61 nchi nzima ikawa inapapasa gizani. Iliwezekanaje? Rudi kwenye swali la waya. Vyombo vyenye haki ya kuunganisha Belarus na nje ni viwili tu, Beltelecom na kituo cha taifa cha kubadilishana mawasiliano, vyote vya serikali. Kampuni binafsi unayolipia bando inakwenda kuchota maji kwenye bomba la hao wawili. Ukikaba pale, umekaba nchi. Serikali ilidai ni shambulio la kutoka nje.

Ila walishindwa kufunga kila tundu. Telegram iliendelea kupenya hapa na pale kwa wenye programu za kuzunguka vizuizi, na chaneli moja, NEXTA, iliyoendeshwa na vijana kutoka Warsaw, ikapita wafuasi milioni mbili katika nchi ya watu milioni tisa na ushee. Mtu anapiga picha ya barabara yake, anatuma, baada ya dakika chache nchi nzima inajua polisi wako wapi. Na kuzima kunaumiza hata mzimaji: kadi hazisomi, teksi haziitiki, kampuni za programu zinakosa wateja. Siku ya nne intaneti ikarudi.

Hapo ndipo daftari lilipochukua zamu. Polisi anamsimamisha kijana mtaani: toa simu, fungua Telegram. Chaneli moja baada ya nyingine zikatangazwa kuwa za "siasa kali", na kujiunga tu kukawa kosa la kumweka mtu mahabusu siku 15. Watu wakazoea kusafisha simu kabla ya kutoka nyumbani kama unavyopapasa mfukoni kuhakikisha umechukua funguo. Mei 2021 ndege ya Ryanair iliyokuwa inatoka Athens kwenda Vilnius ikalazimishwa kutua Minsk, na Roman Protasevich, aliyewahi kuwa mhariri wa NEXTA, akashushwa na kukamatwa. Kwa hiyo mwalimu wako hakudanganya kabisa: intaneti kweli iliwatoa watu nje. Simu zile zile ndizo zilizobaki zimewaandika waliotoka.

Urusi ni ndefu, nitakata. Kwa sababu kampuni na mikongo ilikuwa mingi mno, haikuweza kukaba bomba moja kama Minsk. Ilijaribu kuziba huduma moja moja na ikaaibika. Aprili 2018 iliamua kuifunga Telegram, iliyoundwa na Pavel Durov, yule yule aliyeanzisha VKontakte, mtandao wa kijamii wa Warusi, na kuondoka Urusi baada ya kugongana na idara ya usalama. (Wakenya waliokuta Telegram imebanwa Novemba 2023 wakati wa mitihani ya KCSE walionja tone la kisa hicho.) Telegram ikawa inahamia kwenye seva za Amazon na Google, na mamlaka ya mawasiliano, Roskomnadzor, inaifukuza kwa kuziba mamilioni ya anuani za seva hizo. Maduka na huduma zisizohusika zikaanguka, Telegram ikaendelea. Juni 2020 wakaondoa marufuku.

Lakini walikuwa wanajifunza. Sheria ya 2019 iliwalazimu watoa huduma kufunga masanduku yanayochambua kila kinachopita, na safari hii masanduku yanaongozwa kutoka mbali na Roskomnadzor yenyewe. Machi 2021 wakayajaribu kwa kuipunguzia kasi Twitter. Anuani fupi ya Twitter ni t.co. Aliyeandika amri akaliagiza sanduku libane kila anuani yenye herufi hizo mfululizo. Sasa andika microsoft.com uitazame taratibu: mwishoni kuna t, kisha nukta, kisha co. Reddit.com vivyo hivyo. Zote zikabanwa. Tulicheka sana sisi watu wa fani. Hatukucheka Machi 2022, walipofunga Facebook, Instagram na Twitter ndani ya siku chache na masanduku yakafanya kazi. Kuanzia kiangazi cha 2024 YouTube ikawa inakwama, na mwaka 2025 data za simu zikawa zinazimwa mkoa kwa mkoa, sababu inayotajwa ikiwa droni za Ukraine, huku programu ya mawasiliano ya nyumbani, Max, ikiamriwa iwekwe tayari kwenye kila simu mpya inayouzwa.

Na daftari? Urusi ina tovuti ya huduma za serikali, Gosuslugi, tangu 2009, na ukweli usemwe, ni nzuri. Pasipoti, kumwandikisha mtoto shule, faini ya gari, vyote dakika chache bila kumbembeleza karani. Watu waliipenda, wakajaza kila kitu chao humo. Aprili 2023 ikapita sheria kwamba wito wa jeshi ukitumwa kielektroniki unahesabiwa umekufikia. Kuanzia hapo mpaka umefungwa kwako, na usipojitokeza ndani ya siku 20 unaweza kuzuiwa kuendesha gari, kukopa benki na kusajili nyumba. Hakuna askari aliyebisha hodi. Mfumo wenyewe ulikuwa unakujua tayari.

Ukraine ina kitu kinachofanana sana kwa sura. Programu yao ya simu inaitwa Diia, kifupi cha maneno yenye maana ya "dola na mimi", ilianza 2020, na tangu Agosti 2021 pasipoti iliyo ndani yake ina nguvu sawa na ya kitabu. Vita vilipopanuka Februari 2022 watu walioyakimbia makwao bila hata cheti kimoja walijitambulisha kwa simu, wakaombea humo fidia ya nyumba zilizobomolewa. Ila Ukraine ilifika hapo kwa njia nyingine. Tarehe 21 Novemba 2013 mwandishi wa habari Mustafa Nayyem aliandika Facebook akiuliza nani yuko tayari kwenda kuandamana kwenye uwanja wa Maidan, katikati ya mji mkuu Kyiv, kabla ya saa sita usiku, akasisitiza kwamba "like" hazihesabiwi, mtu aandike kwamba anakuja. Miezi mitatu baadaye rais Yanukovych alikuwa amekimbia. Waliobaki uwanjani wengine wakaenda kujenga ProZorro, mfumo ambao tangu 2016 manunuzi ya serikali yanapita humo na mtu yeyote, hata wewe ukiwa Dodoma, unaweza kufungua zabuni ya hospitali ya mkoa ukaona nani aliomba na kwa bei gani. Hilo ni daftari lililogeuzwa: wananchi ndio wanaolisoma la serikali.

Usiwapambe, hata hivyo. Mwaka 2017 Kyiv ilifunga VKontakte na Yandex, mtambo wa Warusi wa kutafutia mtandaoni, kwa amri ya rais, na Desemba 2024 rejista za wizara ya sheria zilishambuliwa zikalala kwa wiki kadhaa, watu wakashindwa hata kuuziana nyumba.

Na usiandike kana kwamba kila ubaya unatoka ikulu. Moldova, 2024, uchaguzi wa rais na kura ya maoni ya kujiunga na Umoja wa Ulaya. Waya uko wazi, hakuna anayezima. Polisi wakasema watu wasiopungua 130,000 walifikiwa na mtandao wa kununua kura ulioendeshwa na tajiri mkimbizi Ilan Shor, maelekezo yakipita kwenye roboti za Telegram, yaani programu zinazojibu watu zenyewe, na malipo kupitia benki ya Urusi. Kura ya maoni ilipita kwa asilimia 50 na nukta kidogo. Mwananchi wa kawaida alikuwa na intaneti huru kabisa, na humo humo akapangiwa bei.

Kazakhstan nakutajia kwa sababu moja utakayoielewa haraka. Kule maisha yanapita kwenye programu ya Kaspi kama kwetu yanavyopita kwenye pesa za simu: nyanya sokoni, teksi, sadaka. Januari 2022 maandamano ya bei ya gesi yaliyoanzia Zhanaozen yakafika Almaty, serikali ikazima intaneti siku kadhaa, na mtu mwenye hela za kutosha kwenye simu akajikuta hawezi kununua mkate. Foleni za mashine za fedha zikawa ndefu, kisha mashine zikakauka. Tajikistan ilifanya kimya kimya zaidi: jimbo la milimani la Badakhshan lilikatiwa intaneti kuanzia Novemba 2021 hadi Machi 2022, miezi minne, na dunia haikugeuza shingo.

Kwa insha yako ningechukua Kyrgyzstan, si Estonia wala Urusi ambazo kila mwanafunzi anazichukua. Mwaka 2018 walianza kutumia mfumo wa kubadilishana taarifa uliojengwa juu ya programu ile ile ya Estonia. Wakauita Tunduk, jina la duara la juu la hema la wafugaji, mwanga unapoingilia na moshi unapotokea, limo hadi kwenye bendera yao. Cheti ulichokuwa unakifuata kwa siku tatu kinakuja kwenye simu. Lakini mwaka 2024 peke yake mahakama iliamuru chombo cha habari za uchunguzi, Kloop, kivunjwe, TikTok ikafungwa, na sheria ya "wawakilishi wa kigeni" ikatiwa sahihi dhidi ya asasi zinazopokea fedha za nje. Programu ya Tallinn, masharti ya Moscow, ndani ya nchi moja. Pima hapo hoja ya mwalimu wako, kwa kuuliza Mkyrgyz anaonyeshwa nini kuhusu faili lake na waya wake unapita kwa nani.

Nyaraka nyingi utazikuta kwa Kirusi. Zisikutishe, herufi zao zinazoeleka ndani ya wiki moja, na kompyuta itakutafsiria sehemu kubwa. Ukikwama kwenye istilahi za sheria, niandikie tena. Na ile "Urusi moja" uifute kabla hujakabidhi.